Basilika ya Mtakatifu Yosafati, Milwaukee: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Kwa anayeanza

Hili ni kanisa gani, na liko wapi?

Ni kanisa katoliki la parokia upande wa kusini wa jiji la Milwaukee, jimbo la Wisconsin, Marekani, kwenye makutano ya Barabara ya 6 na Lincoln Avenue. Lilijengwa na wahamiaji wa Kipolandi kuanzia 1896 na kutabarukiwa tarehe 21 Julai 1901. Mwaka 1929 Papa Pius XI alilipa hadhi ya basilika.

Ukilikaribia kwa gari unaanza kuona kuba, kisha unashangaa. Mtaa wenyewe ni wa nyumba ndogo za mbao zilizobanana, halafu katikati yake limesimama jengo ambalo lingefaa kuwa bunge la nchi. Tofauti hiyo ndiyo inayozaa karibu maswali yote yanayofuata: hawa watu walipata wapi pesa?

Wapolandi walifikaje Milwaukee?

Katika karne ya 19 hakukuwa na nchi inayoitwa Polandi kwenye ramani. Prusia, Austria na Urusi ziligawana ardhi yake mara tatu, 1772, 1793 na 1795, mpaka ikaisha. Wengi wa Wapolandi wa Milwaukee walitoka upande wa Prusia, ambako katika miaka ya 1870 serikali ya Bismarck, waziri mkuu wa Prusia, iliwabana Wakatoliki na kukibana Kipolandi shuleni. Ukiongeza ufinyu wa mashamba, utaelewa kwa nini vijana walipanda meli.

Milwaukee ilikuwa na viwanda vya ngozi, vya chuma na karakana za reli, vyote vikitafuta watu wa kubeba mizigo. Kulikuwa pia na Wakashubi, wavuvi wa pwani ya Baltiki, waliojenga kijiji chao Jones Island na kuendelea kuvua katika Ziwa Michigan kama kwao.

Hawakuwa watu wa kukaa kimya. Mei 1886 wafanyakazi waliodai siku ya kazi ya saa 8 walikusanyika kwenye kanisa la Mtakatifu Stanislaus, parokia mama ya Wapolandi wa jiji hilo, wakaandamana hadi kiwanda cha chuma cha Bay View. Tarehe 5 Mei wanamgambo wa jimbo waliwafyatulia risasi, na watu wasiopungua 7 waliuawa. Miaka miwili baadaye ndipo parokia ya Yosafati ilipoanzishwa, kwa watu wa mitaa hiyohiyo.

Yosafati ndiye Yehoshafati wa Biblia?

Jina ni moja, watu ni wawili. Yehoshafati alikuwa mfalme wa Yuda. Yosafati wa kanisa hili ni Jozafat Kuncewicz, askofu mkuu wa Polotsk, wa madhehebu ya Kigiriki lakini katika umoja na Papa wa Roma. Aliuawa na umati wa watu Vitebsk tarehe 12 Novemba 1623, kwenye ugomvi mkali wa umoja huohuo. Pius IX alimtangaza mtakatifu mwaka 1867, miaka 21 tu kabla ya parokia kuanzishwa, kwa hiyo kwa wahamiaji hao alikuwa mtakatifu mpya kabisa. Akina Josephat wote wa kwetu, jina lenu linatoka kwenye shina hilohilo.

Milwaukee ilikuwa na makanisa tayari. Kwa nini hawakusali humo?

Misa ilikuwa ya Kilatini kila mahali, hilo halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa mahubiri, kitubio, nyimbo, katekisimu na mazishi. Makanisa mengi ya jiji yalikuwa ya Wajerumani, na maaskofu wakuu wa wakati ule walikuwa watu wa lugha hiyo: Heiss wa Bavaria, Katzer wa Austria, kisha Messmer wa Uswisi. Mpolandi aliyekimbia shule ya Kijerumani kule Prusia hakutaka kuja kutubu kwa Kijerumani Wisconsin.

Kwa hiyo parokia ilikuwa zaidi ya mahali pa kusali. Ilikuwa na shule, vyama vya kusaidiana kwenye msiba na ugonjwa, kwaya, na mahali pa kusikia habari za nyumbani. Kwa watu wasio na nchi, paroko alikuwa mchungaji na balozi kwa pamoja.

## Mawe na ujenzi

Ni kweli limejengwa kwa mawe ya posta?

Ni kweli. Kanisa la kwanza la parokia liliungua 1889, mwaka mmoja tu baada ya parokia kuanzishwa. Lililofuata likawa dogo upesi. Paroko, Padri Wilhelm Grutza, alitaka kanisa kubwa, na michoro ya kwanza ilikuwa ya jengo la matofali.

Wakati huohuo serikali ya Marekani ilikuwa inabomoa jengo lake la posta na forodha mjini Chicago, kilomita zipatazo 150 kusini. Grutza alinunua mabaki yake kwa dola 20,000: mawe yaliyochongwa, nguzo, vyuma, milango, hata vitasa. Vikapakiwa kwenye mabehewa ya treni na kushushwa Milwaukee. Aliyewahi kujenga kwa mabati ya mnada ataelewa furaha ya padri huyu, na pia ataelewa wasiwasi wa fundi aliyeambiwa, "Haya, vifaa vimefika, sasa badilisha ramani."

Kwa nini posta ilibomolewa? Mawe yalikuwa mabovu?

Mawe yalikuwa mazima. Ubovu ulikuwa chini yake. Chicago iliungua vibaya 1871, na jengo hilo, lililobuniwa na Alfred Mullett, msanifu wa Wizara ya Fedha, lilikuwa sehemu ya kuujenga mji upya. Lakini ardhi ya Chicago ni laini, na jengo zito lilianza kutitia, upande huu zaidi ya ule. Kuta zikapasuka. Halikudumu hata miaka 20 tangu kukamilika, serikali ikaamua kulishusha na kujenga jingine.

Inasemekana yalikuwa mabehewa 500 yenye tani 200,000. Hesabu hiyo ni sahihi?

Utaikuta karibu kila mahali, na mimi siiamini yote. Gawanya mwenyewe: tani 200,000 kwa mabehewa 500 ni tani 400 kwa kila behewa. Behewa la miaka ya 1890 lilibeba tani 30 hivi. Mabehewa 500 yanaingia akilini. Tani 200,000 haziingii. Kuna mtu aliongeza sifuri, na wengine wakamnukuu. Jengo ni kubwa vya kutosha bila msaada huo.

Nani alichora ramani?

Erhard Brielmaier, msanifu mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa na ofisi yake Milwaukee na aliyejenga makanisa na hospitali nyingi za kikatoliki. Ndiyo, kanisa la Wapolandi waliowakimbia Wajerumani lilibuniwa na Mjerumani. Siasa za Ulaya zilikuwa jambo moja, fundi mzuri aliye mtaa wa pili jambo jingine.

Kazi yake ilikuwa ngumu kuliko ya kuchora kwenye karatasi tupu. Msanifu wa kawaida hubuni jengo, kisha akaagiza mawe ya kulitosha. Brielmaier alikuwa na mawe tayari, yaliyochongwa kwa ajili ya jengo lingine, la ofisi, lenye madirisha mengi na kona nyingi. Kila jiwe lilipimwa, likatiwa alama na namba, kisha likatafutiwa mahali litakapokaa bila kuchongwa upya isipobidi. Ni kama kupewa nguo iliyokwisha kushonwa na kuambiwa uigeuze kanzu ya askofu, na kitambaa kisipotee. Usipoambiwa, hutagundua. Ukishaambiwa, utatembea ukilizunguka jengo unatafuta mishono.

Kazi ya mikono ilifanywa na nani?

Kwa sehemu kubwa na waumini wenyewe, wengi wao vibarua wasio na ufundi maalumu. Mtu alitoka zamu kiwandani akaenda kuchimba msingi. Msomaji wa Kenya ataita hii harambee, na hatakosea, ila harambee hii ilichukua karibu miaka 5 na ilihitaji kuba.

## Usanifu

Je, ni nakala ya Basilika ya Mtakatifu Petro, Roma?

Ni mtoto wa Mtakatifu Petro, si pacha. Brielmaier alichukua wazo kuu: ramani ya msalaba, kuba kubwa juu ya mahali mikono ya msalaba inapokutana, na mbele ukumbi wa nguzo unaobeba pembetatu ya mawe. Pembeni mwa uso wa mbele kuna minara miwili mifupi ya kengele, iliyofanywa mifupi makusudi ili isishindane na kuba. Vipimo ni vidogo mno ukilinganisha na Roma, na hakuna uwanja mpana mbele yake. Unashuka barabarani, unapanda ngazi, umeingia.

Kuba ni kubwa kiasi gani?

Lilipokamilika mwaka 1901 lilihesabiwa miongoni mwa makuba makubwa kabisa ya Marekani, likitanguliwa na lile la bunge, Capitol, kule Washington. Mpaka leo ndilo linaloutambulisha upande wa kusini wa jiji.

Kwa asiye fundi, shida ya kuba ni hii: duara linakaa juu ya mraba. Nguzo nne nene zinasimama kwenye pembe za mraba, matao yanaziunganisha, na kati ya tao na tao panajazwa kipande kilichopinda kama tanga lililoshika upepo. Juu ya vipande hivyo vinne ndipo duara linapopata pa kukaa. Kisha huja pipa, yaani ukuta wa duara, lenye madirisha, kisha kuba lenyewe. Ukisimama katikati na kutazama juu, mwanga unaoingia kwenye madirisha ya pipa hulifanya kuba lionekane halijashikwa na kitu.

Mbona halina minara mirefu iliyochongoka kama makanisa mengine ya zamani?

Minara iliyochongoka ni mtindo wa Gothiki, na Wapolandi wa Marekani waliujenga pia, tena vizuri. Lakini parokia nyingi kubwa zilipendelea Renesansi na Baroko, mitindo ya karne za 16 na 17, wakati Polandi na Lithuania zilipokuwa dola moja kubwa na tajiri. Kwa watu ambao nchi yao ilikuwa imefutwa, kujenga kwa mtindo wa enzi hiyo kulikuwa na maana yake, na hakuna askari wa Prusia aliyeweza kuja Wisconsin kuwakataza.

Ndani kuna nini cha kutazama?

Anza na kuba, kama ilivyoelezwa juu. Halafu acha macho yashuke polepole. Kuta na dari zimejaa michoro ya rangi ya mafuta, nakshi za lipu zilizopakwa dhahabu, na vioo vya rangi vilivyoletwa kutoka Austria. Mimbari ni ya marumaru nyeupe. Mchoro wa kuuawa kwa Yosafati ni wa Tadeusz Żukotyński, mchoraji Mpolandi aliyefanya kazi Chicago. Mapambo makubwa ya ndani yalikamilika 1926 chini ya Gonippo Raggi, mchoraji kutoka Italia.

Angalia miaka hiyo. Kanisa lilitabarukiwa 1901, mapambo yakakamilika 1926. Kwa nini robo karne? Jibu liko kwenye sehemu ya deni, hapa chini.

Vitu vya posta bado vinaonekana?

Vinaonekana, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mawe ya kuta ni ya posta. Nguzo 6 za graniti iliyosuguliwa kwenye lango la mbele ni za posta. Na vitasa vya milango vina muhuri wa Wizara ya Fedha ya Marekani. Muumini anaingia kwenye misa akiwa ameshika nembo ya serikali mkononi.

## Deni

Jengo liligharimu kiasi gani, na walilipaje?

Dola 20,000 za mabaki zilikuwa sehemu rahisi. Kusafirisha, kuchimba msingi, kusimamisha kuba, kuezeka: gharama zilipita makisio, na parokia ikamaliza ujenzi ikiwa na deni la kutisha. Wapo waumini walioweka nyumba zao rehani ili kanisa lao lisikwame.

Na nyumba zenyewe zilikuwaje? Upande wa kusini wa Milwaukee una aina ya nyumba ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina la Wapolandi. Familia ilijenga kibanda cha mbao. Ikipata senti, ilikiinua kibanda kizima juu ya nguzo na kujenga chumba cha nusu-ardhini chini yake, kisha ikapangisha kimoja au kuleta ndugu kutoka ng'ambo. Mtu aliyelala chini ya sakafu ya mpangaji wake alikuwa anachangia kuba. Hapo unaweza kusifu imani, au unaweza kuuliza kama kulikuwa na haja ya kuba. Waumini wenyewe waliuliza yote mawili.

Padri Grutza alipatwa na nini?

Alifariki 1901, wiki chache baada ya kutabaruku kanisa. Wengi walisema mzigo wa jengo ndio uliommaliza. Deni lilibaki kwa waliomfuata.

Nani alilimaliza deni?

Mwaka 1910 parokia ilikabidhiwa kwa Wafransisko Wakonventuali, shirika lenye mapadri Wapolandi. Paroko Felix Baran aliongoza kazi ndefu ya kukusanya, na deni likaisha 1925. Ndiyo maana mapambo yaliyotajwa hapo juu yalikamilika mwaka uliofuata. Kwa robo karne watu walisali ndani ya kuba maarufu huku wakijua ni la mkopo.

Je, deni lilileta ugomvi?

Lilikuta ugomvi uliokuwapo, likauchochea. Wapolandi walikuwa wengi kanisani, lakini hawakuwa na askofu hata mmoja. Padri Wacław Kruszka wa Wisconsin alikwenda Roma mwanzoni mwa karne ya 20 kulalamika kwa Papa. Askofu wa kwanza wa Kipolandi nchini Marekani, Paul Rhode wa Chicago, alipatikana 1908. Milwaukee ilimpata askofu msaidizi Mpolandi, Edward Kozłowski, mwaka 1914. Katikati hapo kaka yake Padri Kruszka, Michał, alikuwa akiwashambulia wakubwa wa kanisa, na fedha za parokia zikiwa hoja mojawapo, katika gazeti lake la Kuryer Polski, hadi mwaka 1912 maaskofu wakawakataza Wakatoliki kulisoma.

Kwingineko mambo yalikwenda mbali zaidi. Scranton, Pennsylvania, Padri Franciszek Hodur alijitenga mwaka 1897, na kutoka hapo likazaliwa Kanisa Katoliki la Kitaifa la Kipolandi, ambalo lipo hadi leo. Detroit, kanisa la Moyo Mtamu wa Maria liliuzwa kwa mnada kwa sababu ya deni, kisha likarudi mikononi mwa waumini. Kwa kulinganisha, Yosafati walivumilia.

## Hadhi na maisha ya sasa

Basilika maana yake ni kanisa kuu la jimbo?

Hapana, na hili huchanganya wengi. Kanisa kuu ni lile lenye kiti cha askofu. La Milwaukee ni la Mtakatifu Yohane Mwinjili, katikati ya jiji. Basilika ndogo ni cheo ambacho Papa hulipa kanisa kwa historia, uzuri au umuhimu wake wa ibada. Basilika kubwa ni nne tu, zote Roma. Yosafati lilikuwa la tatu nchini Marekani kupata cheo hiki. Alama zake ni mwavuli wa hariri wa rangi nyekundu na njano na kengele ndogo juu ya mti.

Wapolandi bado wapo?

Wajukuu na vitukuu wengi wamehamia vitongojini, na baadhi hurudi kwa ubatizo, harusi na mazishi. Mtaa leo una Walatino wengi, na Kihispania kimeingia kanisani kama Kipolandi kilivyoingia zamani. Ng'ambo ya barabara bado kuna bustani ya Kosciuszko, jenerali shujaa wa Polandi, na sanamu yake juu ya farasi, iliyozinduliwa 1905, na chini yake familia za Kimeksiko zinakula chakula cha Jumapili.

## Maswali ya pembeni

Inaruhusiwa kutumia mawe ya jengo la serikali kujenga kanisa?

Inaruhusiwa, na ni desturi ya kale. Roma yenyewe imejaa mifano: nguzo za kanisa la Santa Maria in Trastevere zilitoka kwenye majengo ya Warumi wapagani. Kinachotabarukiwa ni kanisa lililosimama. Jiwe haliulizwi lilifanya kazi gani kabla.

Kuna kanisa la Wapolandi Afrika Mashariki?

Lipo, lakini historia yake ni nyingine. Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwahamisha Wapolandi kwa nguvu hadi Siberia na Kazakhstan. Walioachiwa walitoka kupitia Uajemi mwaka 1942, na maelfu yao, wengi wanawake na watoto, wakapelekwa kwenye makoloni ya Waingereza Afrika. Tengeru, karibu na Arusha, palikuwa na watu wapatao 5,000, na makaburi yao yanatunzwa hadi leo. Nyabyeya, karibu na Masindi nchini Uganda, wakimbizi walijenga kanisa la Mama Yetu Malkia wa Polandi kati ya 1943 na 1945.

Watu wa Milwaukee walijenga wakijua wajukuu wao watazikwa hapo. Wa Nyabyeya walijenga wakiwa kambini, bila kujua wataondoka lini wala wataelekea wapi. Waliondoka, na Waganda wa Masindi wanasali humo kila Jumapili.